Kwa Nini Baruti ya Magobori Imekuwa Ghali?

Tumezoea kwamba chombo kikizeeka, bei yake hushuka. Televisheni ya kichogo leo mtu anakupa bure, tena anakushukuru kwa kumwondolea mzigo. Ndiyo maana swali hili huulizwa na watu wenye akili timamu kabisa: Marekani kuna wawindaji na wapiga shabaha wanaotumia magobori, bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, kama zile za babu wa babu zao. Baruti yake ina viungo vitatu tu, inajulikana kwa karne nyingi, na hakuna mtu mwenye hakimiliki nayo. Inakuwaje basi watu hao walalamike kwamba kila mwaka wanalipa zaidi, na kwamba kuna miezi hata fedha ikiwepo bidhaa haipo?

Jibu langu, ambalo sura hii italieleza kwa kirefu, ni kwamba mnunuzi wa baruti nyeusi halipii hasa viungo. Analipia kuendelea kuwepo kwa kiwanda cha mwisho, na analipia gari linalokubali kubeba mzigo wake. Viwili hivyo havishuki bei kwa sababu ya uzee. Hupanda.

Bunduki yenyewe, kwa asiyeijua

Gobori halina risasi ya ganda, yaani ile inayokuja ikiwa imekamilika, baruti na chuma pamoja. Mpigaji humimina baruti kwenye mtutu, akafunika mdomo kwa kiraka cha kitambaa kilichopakwa mafuta, akaweka juu yake goroli la risasi, kisha akashindilia vyote mpaka chini kwa mdeki, ile fimbo inayokaa chini ya mtutu. Baada ya hapo anahitaji cheche. Bunduki za aina ya kwanza huipata kwa jiwe la gumegume linalogonga chuma. Za aina ya pili, zilizokuja karne ya 19, hutumia fataki: kikombe kidogo cha shaba, kidogo kuliko ukucha, chenye dawa inayolipuka ikigongwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana, maana gobori ni sehemu ya historia yetu. Mwaka 1888 balozi mkuu wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina ziliingia bara kwa mwaka kupitia pwani hii. Miaka miwili baadaye mataifa ya Ulaya yakatia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki za kisasa zisiingie eneo kubwa la Afrika lakini ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Walioandika mkataba ule walijua wanachofanya. Gobori lilibaki kwa Mwafrika kwa sababu lilikuwa limeshapitwa.

Leo mambo yamegeuka kwa namna ya ajabu. Tanzania, gobori la kufuliwa kijijini na lisilo na kibali ni kosa la jinai. Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 inaliweka gobori katika kundi la vitu vya kale, hata kama limetoka kiwandani mwezi uliopita, na kwa macho ya serikali kuu haliitwi silaha. Majimbo mengi yametenga msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa magobori. Pennsylvania imekwenda mbali zaidi: tangu 1974 ina msimu wa baridi ambapo mwindaji lazima abebe bunduki ya gumegume, fataki haikubaliki. Chama cha taifa cha wapenzi wa magobori, NMLRA, kilianzishwa 1933 na kina uwanja wake katika kijiji kiitwacho Friendship, jimbo la Indiana. Ongezeni hapo wale wanaoigiza vita vya zamani kwa mavazi na bunduki, ambao hawapigi goroli lolote lakini wanachoma baruti kuliko mwindaji yeyote. Aprili 2025 walikusanyika Massachusetts kuadhimisha miaka 250 ya mapigano ya Lexington na Concord. Soko lipo.

Hesabu ya mlio mmoja

Kabla ya kulaumu mtu, tuone fedha inakwenda wapi. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja, karibu gramu 454, ina greni 7,000. Mwindaji wa kulungu mwenye bunduki ya kipimo cha .50, yaani mtutu wenye upana wa nusu inchi, anaweza kutumia greni 70 kwa mlio mmoja. Ratili moja inampa milio 100.

Tuchukue namba za mfano ili hesabu iwe nyepesi: ratili ya baruti dola 30, kopo la fataki 100 dola 15, ratili ya risasi laini dola 2 na nusu, na ratili hiyo inatoa magoroli karibu 39. Mlio mmoja basi unagharimu:

- baruti: senti 30
- fataki: senti 15
- goroli alilojiyeyushia mwenyewe: senti 6 na ushei
- kiraka na mafuta: senti moja au mbili

Jumla ni zaidi ya nusu dola. Asiye na kalibu ya kuyeyushia, akanunua magoroli ya kiwandani, analipa zaidi. Mchezo huu zamani ulisifiwa kuwa wa mtu asiye na fedha, na wazee wake bado wanausifu hivyo, lakini hesabu haiwaungi mkono tena.

Angalia mahali uzito ulipo. Baruti na fataki ni sehemu nane kati ya kumi za gharama yote, na ndivyo vitu viwili ambavyo mpigaji hawezi kujitengenezea. Baruti ya nyumbani imewaua wengi waliodhani kwamba kujua viungo ni kujua kazi. Kilichobaki, yaani goroli, kiraka na mafuta, kiko mikononi mwake.

Viungo rahisi, kiwanda kigumu

Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa. Shura ni chumvi inayotoa oksijeni wakati wa kuungua. Leo hutoka viwanda vilevile vinavyohudumia soko la mbolea. Salfa ni mabaki ya kusafisha mafuta ya petroli. Makaa ni makaa, ingawa watengenezaji wazuri huchagua mti kwa uangalifu mkubwa kuliko mpishi wa pilau anavyochagua mchele. Hakuna kati ya vitatu hivi kilicho adimu.

Ugumu uko katika kuviunganisha. Lazima visagwe pamoja kwa magurudumu mazito kwa saa nyingi, vikandamizwe viwe kama matofali, vivunjwe tena kuwa chembe za ukubwa maalumu, kisha zing'arishwe. Katika kila hatua kuna rundo la kitu kinachongoja cheche. Familia ya du Pont ilipojenga vinu vyake kando ya mto Brandywine, Delaware, mwaka 1802, kila jengo lilipewa kuta tatu nene za mawe, na upande wa nne, unaotazama mto, ukajengwa kwa vitu vyepesi pamoja na paa. Kinu kikilipuka, mlipuko uende majini usimfikie jirani. Walijenga wakijua kwamba kitalipuka.

Kiwanda cha leo kina mashine zinazoendeshwa kutoka mbali na majengo yaliyotengana kwa umbali mkubwa, lakini fikra ni ileile. Maana yake kwa bei ni hii: unahitaji ardhi kubwa, bima nzito, vibali vingi na mafundi wachache wasio na pengine pa kujifunzia, ili kutengeneza kitu ambacho wanunuzi wake ni wachache. Gharama hizo hazipungui ukiuza kidogo. Zinagawanywa kwa makopo machache zaidi.

Wateja wakubwa waliondoka

Haikuwa hivyo siku zote. Katika karne ya 19 baruti nyeusi ilivunja miamba ya reli, ilichimba makaa ya mawe na ilijaza mizinga yote ya dunia. Mpigaji shabaha alikuwa mteja mdogo aliyejibanza nyuma ya wateja wakubwa, akinunua kwa bei yao. Kisha Alfred Nobel akaleta baruti kali ya dinamiti mwaka 1867, na wachimbaji wakaanza kuhama. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi, na majeshi yakahama. Vinu vya Brandywine vilifungwa 1921.

Kiwanda kimoja cha du Pont, kilichokuwa Moosic, Pennsylvania, kilidumu. Katika miaka ya 1970 kiliuzwa, na bidhaa yake ikapata jina la GOEX. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulihamia Camp Minden, Louisiana, kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha risasi cha jeshi. Mwaka 2009 kampuni ya Hodgdon ikakinunua. Kwa hiyo kufikia miaka ya karibuni, nchi yenye wapiga magobori wengi kuliko zote ilikuwa na kiwanda kimoja tu cha maana cha baruti nyeusi.

Kwa ufupi mpaka hapa: viungo ni rahisi na vingi, kuvisaga ni hatari na ghali, na wateja waliokuwa wakigawana gharama hizo na mwindaji wamekwisha kuondoka.

Mwaka kiwanda kilipozimika

Juni 2021 palitokea mlipuko katika kiwanda cha Minden. Septemba mwaka huohuo Hodgdon ikatangaza kwamba inasimamisha uzalishaji na kutafakari la kufanya na biashara hiyo. Kwa maneno mengine, mwenye kiwanda alikuwa amechoka.

Unaweza kukisia yaliyofuata. Aliyekuwa na ratili mbili kabatini akanunua kumi. Aliyekuwa na kumi akanunua hamsini. Mahitaji halisi ya mwaka hayakubadilika, lakini miaka mitatu ya manunuzi iliingia katika wiki chache, na rafu zikabaki tupu. Mimi huwalaumu kidogo walioficha makopo, ingawa nikiwa mahali pao sina hakika ningefanya tofauti. Baruti ikitunzwa pakavu haiharibiki, kwa hiyo kuilimbikiza hakuna hasara, na bidhaa isiyooza daima hulimbikizwa.

Pengo lilizibwa na Ulaya: baruti ya Schuetzen kutoka kiwanda cha WANO, Ujerumani, na ile ya Uswisi kutoka Aubonne, inayosifiwa kwa usafi na ambayo siku zote imekuwa ghali kuliko ya Marekani. Baruti iliyovuka bahari ya Atlantiki hubeba nauli yake, na mnunuzi aliyekuwa na mazoea ya bei ya Louisiana akajikuta analipa bei ya Aubonne kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Mwokozi alitoka mahali ambapo wengi hawakutegemea. Mwanzoni mwa 2022 kiwanda kilinunuliwa na Estes, kampuni ya Penrose, Colorado, inayojulikana kwa roketi ndogo za watoto wa shule. Ukikumbuka roketi hizo huruka kwa nguvu gani, mshangao unaisha: injini zake ni mirija ya karatasi iliyoshindiliwa baruti nyeusi. Estes ilikuwa inajinusuru yenyewe, na wapiga magobori wakanusurika pamoja nayo.

Lakini kuna mteja mwingine mlangoni, naye hapangi foleni. Chaji nyingi zinazorusha makombora ya mizinga bado huwashwa kwa baruti nyeusi kidogo, kwa kuwa hushika moto upesi na bila kusita. Tangu vita vya Ukraine vipambe moto mwaka 2022, Marekani imekuwa ikiongeza utengenezaji wa makombora ya milimita 155 kutoka takriban 14,000 kwa mwezi kuelekea lengo la 100,000. Hakuna mwenye kiwanda atakayemfungulia kwanza mwindaji wa kindi wakati jeshi liko kwenye simu.

Fataki: bidhaa iliyo chini ya orodha

Kisa cha fataki ni tofauti kidogo. Watengenezaji ni wale wale wanaotengeneza viwashio vya risasi za kisasa, kama CCI ya Lewiston, Idaho, na Remington ya Lonoke, Arkansas. Kemia ni ya ukoo mmoja, na mafundi wanaoruhusiwa kugusa dawa hiyo ni haohao.

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa hofu Marekani: ugonjwa, maandamano, uchaguzi. Maombi ya kuwachunguza wanunuzi wa silaha yaliyofika FBI yalikaribia milioni 40, idadi ambayo haikuwahi kuonekana. Wote hao walitaka risasi. Mwaka huohuo Remington ilifilisika kwa mara ya pili, na kitengo chake cha risasi kikachukuliwa na Vista Outdoor, ambayo tayari ilikuwa na CCI. Vyanzo viwili vikawa chini ya paa moja. Mwenye kiwanda akiwa na siku tano za kazi na maombi ya siku hamsini, atatengeneza viwashio vya risasi za bastola zinazouzwa kwa mamilioni, na fataki za magobori zitangoja zamu ya kuwashiwa mashine. Zilingoja muda mrefu. Kopo lililokuwa likiuzwa kwa dola chache likawa linapigiwa mnada baina ya watu binafsi.

Kwa mara moja mwenye bunduki ya gumegume alicheka. Jiwe lake linachongwa kwa mkono, hasa kutoka Brandon, Suffolk, Uingereza, walikochonga mawe ya bunduki tangu enzi za Napoleon, na moja likichongwa vizuri humaliza milio mingi.

Gari linalokubali kubeba

Sehemu hii huwaudhi wanunuzi kuliko zote, kwa kuwa inaonekana haina mantiki. Gobori lenyewe unaweza kuagiza na kuletewa nyumbani, mradi sheria ya jimbo lako haikatai. Baruti yake, kinyume chake, huwekwa katika daraja la juu la vilipuzi wakati wa usafirishaji. Posta haiibebi. Muuzaji wa dukani lazima awe na leseni ya serikali kuu ya vilipuzi pamoja na ghala maalumu la kuhifadhia. Mnunuzi wa kawaida amesamehewa leseni kwa baruti ya kiwandani isiyozidi ratili 50, akiitumia katika michezo, burudani au shughuli za utamaduni kwa bunduki za kale.

Matokeo yake, maduka mengi ya mjini hayahangaiki nayo. Mpigaji huagiza kwa mbali na kulipa ada ya mzigo wa hatari, ambayo hutozwa kwa shehena, haijali ukubwa wake. Tuseme ada ni dola 40. Ukiagiza ratili moja ya dola 30, umelipa dola 70. Ukiagiza ratili 25, ada inagawanyika kuwa dola 1 na senti 60 kwa kila ratili. Asiye na fedha nyingi kwa wakati mmoja ndiye anayelipa bei kubwa zaidi.

Uingereza ni kali zaidi. Huko mpigaji mwenyewe lazima apate hati ya kununua na kutunza vilipuzi, na baruti ikae nyumbani katika sanduku la mbao lenye vyumba vilivyotengwa.

Je, baruti mbadala haisaidii?

Husaidia, kwa wengine. Baruti mbadala ni unga uliobuniwa ufanye kazi ya baruti nyeusi bila kuingia katika daraja lake la hatari. Ya kwanza kufanikiwa ni Pyrodex, iliyotoka mwaka 1976. Mvumbuzi wake, Dan Pawlak, alikufa kwa moto kiwandani mwanzoni mwa 1977, jambo linalosema kitu kuhusu neno "salama" katika biashara hii. Baadaye zikaja Triple Seven na Blackhorn 209. Hizi huuzwa katika maduka ya kawaida na husafirishwa kwa urahisi zaidi.

Kasoro ni mbili. Kwanza, si rahisi bei: Blackhorn 209 imezoeleka katika kopo la aunsi 10, wakati ratili ina aunsi 16, na mnunuzi asiyesoma lebo hujikuta analinganisha makopo yasiyolingana. Pili, unga huu hutaka joto kubwa zaidi ili uwake. Fataki yenye nguvu inalitoa. Cheche ya jiwe mara nyingi hailitoi. Mwindaji wa Pennsylvania, ambaye sheria imemlazimisha abebe gumegume, hana pa kukimbilia: baruti nyeusi halisi au akae nyumbani. Muuzaji anajua hilo kama anavyolijua yeye. Kicheko cha mwaka wa fataki hakikudumu.

Kuhusu risasi yenyewe nitapita haraka. Bei ya madini haya duniani haijaruka kama ya baruti. Kilichopungua ni risasi ya kuokota: mabomba ya zamani yamekwisha kung'olewa, na vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari sasa ni vya chuma au zinki, baadhi ya majimbo yakiwa yamepiga marufuku vya risasi. Kiwanda cha mwisho cha Marekani cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye mawe, kile cha Herculaneum, Missouri, kilifungwa mwishoni mwa 2013. Goroli la gobori linataka risasi laini isiyochanganywa, na hiyo sasa hununuliwa, haiokotwi.

Wanavyojipanga

Njia inayopunguza gharama kuliko zote ni klabu. Wanachama huchanga, mmoja akaagiza katoni nzima, ada ya mzigo ikagawanywa, na kila mtu akachukua makopo yake uwanjani. Vilabu vingi vidogo vya magobori vimebaki hai kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya mashindano, ingawa wenyeviti wake hawapendi kusema hivyo.

Wengine hupunguza kiasi wanachomimina. Kwa shabaha ya karatasi umbali wa hatua hamsini hakuna haja ya greni 70. Bunduki nyingi hupiga vizuri zaidi kwa 40 au 50, na mpigaji asiyeumia bega hapepesi macho. Wapo pia wanaohamia mitutu midogo. Bunduki ya kipimo cha .32, iliyotengenezwa kwa kindi na sungura, inaridhika na greni 25, kwa hiyo ratili moja inatoa milio 280. Goroli lake nalo ni dogo kiasi kwamba ratili moja ya risasi inatoa zaidi ya 140. Shida ni kwamba majimbo mengi hayaruhusu kumpiga kulungu kwa kipimo hicho, na leseni ya kulungu ndiyo iliyomfanya mtu anunue gobori tangu mwanzo. Kwa hiyo msimu ukikaribia anarudi kwenye .50 yake, na kwenye kopo la dola 30.